Kopo la silva ndilo adui wa dashibodi ya zamani

Gari la zamani likiingia gereji na kromu iliyochakaa kwenye dashibodi, mafundi wengi wanakimbilia kopo la silva, ile rangi ya kupuliza. Ni rahisi, ni dakika kumi, na kazi inahesabiwa imekwisha. Mimi nasema afadhali uiache kromu na uchakavu wake. Silva ya kopo haiakisi kitu, inakaa kijivu kama bati la mlango wa duka, na hata makopo yanayojinadi kuwa ni kromu, nayo yakikauka hurudi kulekule. Bahati nzuri, njia iliyo bora zaidi haihitaji pesa nyingi. Inahitaji subira tu.

Kabla ya kununua chochote, jua umeshika nini. Magari ya miaka ya 60 na 70 yana vitu vinavyofanana kwa macho lakini havitunzwi kwa namna moja. Pete za geji (vipimo vya dashibodi) za kampuni ya Smiths kwenye magari ya Mini na MGB ni chuma au shaba ya njano iliyochovywa kromu halisi. Vitasa na vishikio vingi ni zinki ya kumiminwa, nayo imechovywa. Fremu kubwa za plastiki zinazozunguka geji, mara nyingi, hazina kromu hata chembe: ni utando mwembamba wa alumini uliorushwa juu ya plastiki kisha ukafunikwa vanishi. Sumaku ikinata, una chuma. Isiponata, tazama kingo zilizolika: njano ni shaba au nikeli, kijivu kizito ni zinki, na kitu chepesi kisicho na ubaridi mkononi ni plastiki.

Kwenye chuma kilichochovywa, madoa ya kutu hutoka kwa foili ya jikoni. Ikunje, ichovye kwenye maji, sugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo haiikwaruzi. Maliza kwa Autosol kidogo, dawa ya kusugua na kung'arisha chuma, kwenye kitambaa laini, kwa mkono tu. Usifunge brashi kwenye drili: kromu ya mapambo ina unene wa takribani mikroni 0.25 hadi 0.5, na chini yake ni nikeli yenye umanjano. Ukiona pete inaanza kuelekea njano, umeshavuka mpaka na hakuna dawa ya kusugua itakayokurudisha. Pete za Smiths hutoka kwa kuzungushwa hadi vikucha vyake vikutane na nafasi zilizo kwenye ukingo wa kasha la geji. Mpira wa ndani huwa umegandamana, kwa hiyo ipashe moto kwa drai ya nywele. Koleo litaipinda.

Plastiki ndiyo yenye kazi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Autosol hapa ni marufuku, inaondoa utando wa alumini kwa kusugua mara chache tu. Kinachofaa ni kalamu ya wino wa kromu, kama Molotow Liquid Chrome, yenye ncha za milimita 1, 2 na 4. Ya milimita 2 inatosha kingo nyingi za dashibodi.

Ondoa waya hasi wa betri, piga picha kila hatua, kisha toa fremu polepole, maana plastiki ya miaka 50 hukatika kwenye matundu ya skrubu. Ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, tena na tena. Dashibodi zetu zimelowekwa dawa ya kung'arisha yenye silikoni kwa miaka, na silikoni ikibaki, rangi itajitenga na kuacha vishimo vya duara. Ukifuta kwa spiriti, epuka maandishi yaliyochapwa. Yale ya hita na taa hufutika ukitazama.

Utando wa zamani ukiwa unabanduka kote, loweka kipande kwenye Jik kwa saa chache. Alumini itayeyuka. Vaa glavu, fungua madirisha, na usichanganye Jik na siki, amonia wala dawa nyingine ya kusafishia. Ila kama ni kingo tu zilizolika, usiloweke. Lainisha mpaka wa utando kwa msasa wa maji namba 1500, halafu 2000.

Kisha rangi nyeusi ya kung'aa, na hapa ndipo wengi wanaporuka hatua. Wino wa kalamu ni vipande vidogo mno vya alumini ndani ya alkoholi, vinavyolala juu ya uso ulio chini yake. Uso ukiwa na mikwaruzo, mng'ao wa kioo utakaoupata nao utakuwa na mikwaruzo. Kwa hiyo weka praima ya plastiki, kisha nyeusi tabaka mbili au tatu nyembamba, dakika 15 kati yake, halafu ngoja siku mbili. Ukinusa bado thina, haijakauka, na wino utafifia.

Tikisa kalamu, ibonyeze kwenye karatasi hadi wino ushuke, kisha pitisha mara moja, mfululizo, wino ukiwa mwingi wa kutosha kujisawazisha wenyewe. Usirudie mahali palipoanza kukauka: alkoholi mpya huvuruga vipande vilivyokwisha kulala, na unabaki na mistari ya kijivu. Wino ukimwagikia pembeni, kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo kinautoa, ndiyo maana sioni haja ya kuhangaika na tepu kila mahali. Acha wiki nzima bila kugusa.

Kliya, yaani vanishi angavu ya kufunika juu, je? Jibu langu ni hapana. Kliya ya kawaida yenye thina huinua vipande vile na mng'ao wa kioo unageuka kuwa, ndiyo, silva. Kalamu ni ya kingo zisizoguswa. Kitasa cha redio kinachozungushwa kila siku kitapoteza wino huo upesi.

Kwa vitasa vya zinki vyenye malengelenge, kalamu na Autosol zote hazifai, kwa sababu zinki inalika chini ya kromu. Magari yaliyokaa Mombasa, Tanga au Unguja yana ugonjwa huu sana. Tafuta kitasa kilichotumika, au peleka chako kuchovywa upya. Huko gharama hupanda kwa sababu kromu ya zamani lazima itolewe, vishimo vijazwe shaba na kusawazishwa kabla ya nikeli na kromu. Muulize fundi kwanza kama anatanguliza shaba. Akikwambia anachovya kromu moja kwa moja kwenye zinki, ondoka na kitasa chako mfukoni.