Sikumdukua Bosi, Nilimfukuza Tu Kwenye Konsoli

Wadau, acheni kwanza kunitumia picha za watu waliovaa kofia nyeusi mbele ya kompyuta. Habari mliyoipata kwa swahiba wangu, kwamba nilimdukua bosi kazini, imetiwa chumvi. Sikumdukua bosi. Nilimtoa kwenye konsoli, lile dirisha la kuandikia mashine amri moja kwa moja, akarudi, nikamtoa tena, na katika vuta nikuvute hiyo seva ya barua pepe ikapata pacha. Asiyeona tofauti hapo huyo ni wa upande wa bosi.

Wa fani hii mnajua tulipo. Wengine, kwa ufupi: seva kubwa za IBM Power hukatwa vipande vinavyoitwa partisheni, kila kimoja na kumbukumbu yake, mgawo wake wa prosesa na mfumo endeshi wake, kiasi kwamba ukiwa ndani unajiona uko kwenye mashine yako peke yako. Kazi ya kukata hufanyika kwenye HMC, mashine ndogo ya usimamizi inayokaa pembeni. HMC ina kurasa za kubofya, nzuri tu, zenye orodha na rangi. Mimi nilishatangaza mbele za watu kwamba kubofya ni kwa wageni, mwenyeji anaandika amri. Swahiba alikuwepo. Ndiyo sentensi ya kwanza ya toleo lake.

Basi nikaagizwa kutengeneza partisheni ya majaribio. Nikaanza kwa kuangalia zilizopo:

lssyscfg -r lpar -m SEVA1 -F name

Majina manane. Mawili ya VIOS, zile zinazowagawia wenzao diski na mtandao, na sita za kazi. Ishikeni hiyo nane. Kisha nikakunja mikono ya shati:

mksyscfg -r lpar -m SEVA1 -i "name=majaribio,profile_name=kawaida,lpar_env=aixlinux,min_mem=2048,desired_mem=8192,max_mem=16384,proc_mode=shared,min_proc_units=0.1,desired_proc_units=0.5,max_proc_units=2.0,min_procs=1,desired_procs=2,max_procs=4,sharing_mode=uncap,uncap_weight=128"

Hapo nimewafichia adapta za mtandao na diski, zenye mikwaju (/) mfululizo na alama za kunukuu ndani ya alama za kunukuu. Ikapita bila kunung'unika. Nilijipongeza hata kwa ile max_mem. Wengi huiweka kubwa eti kwa ajili ya baadaye, kumbe haipavaiza, programu inayogawa mashine kwa partisheni zote, hutenga nafasi ya jedwali la kurasa za kumbukumbu kwa kupima kiwango hicho cha juu, si kile unachotumia. Mimi hayo nayajua. Mtu anayejua hayo mngetegemea ajue na kuhesabu.

Nikaiwasha, nikaielekeza isimame kwenye menyu ya SMS (si ile ya simu), pale unapochagua mashine iwake kutoka wapi:

chsysstate -r lpar -m SEVA1 -o on -n majaribio -f kawaida -b sms

Kilichobaki ni kufungua konsoli yake. mkvterm inakubali jina la partisheni au namba yake. Zilikuwepo nane, yangu ni ya tisa, na namba ni fupi kuliko jina. Nikaandika --id 9.

HMC ikanijibu kwamba konsoli ya partisheni hiyo tayari imeshikwa.

Najua mnachouliza. Nani ameshika konsoli ya partisheni iliyozaliwa sasa hivi? Jibu nilikuwa nalo mfukoni, na ndilo lililoniponza. Kila partisheni ina nafasi moja tu ya konsoli, na kuna ajali ambayo imetuuma wote: ili kutoka unaandika ~. lakini kama HMC yenyewe umeifikia kwa ssh (njia ya kuingia mashine nyingine kupitia mtandao), ssh inaidaka hiyo ~. kabla haijafika na kukukata wewe, huku konsoli nyuma ikibaki imeshikwa na mtu ambaye hayupo. (Dawa ni ~~. wadau, andikeni ukutani.) Nikasema ni mzimu huo. Na mzimu wa konsoli una amri yake:

rmvterm -m SEVA1 --id 9

Mzimu wenyewe alikuwa bosi.

Iko hivi. Zamani kulikuwa na partisheni iliyofutwa, namba 4. Usipotaja namba unapotengeneza partisheni, HMC inachukua iliyo wazi, kwa hiyo yangu ilizaliwa kimyakimya ikiwa ya 4. Namba 9 ilikuwa na mwenyewe siku zote: partisheni ya uhasibu. Na kwenye chumba cha pili bosi alikuwa ameshusha mtandao wa uhasibu ili abadilishe anwani yake, kazi ya dakika kumi, tangazo limetumwa kwa kila mtu. Ukishashusha mtandao wa mashine huwezi tena kuifikia kwa ssh, njia inayobaki ni konsoli. Hiyo hiyo.

Mnaanza kuelewa.

Nilipopiga rmvterm, yeye akatupwa nje katikati ya kuandika. Akafanya ambacho mtu yeyote angefanya: akajaribu kurudi, akakuta pameshikwa, akasema mzimu huo, akapiga rmvterm. Mimi nikatupwa nje. Nikalaani HMC, nikapiga rmvterm tena. Yeye tena. Tulikuwa kama watu wawili wanaovutana shuka gizani, kila mmoja akiamini mwenzake ni jini. Kupitia ukuta nilimsikia anagonga kibodi kwa hasira nikajisemea, mzee leo ana siku mbaya.

Sasa hapa twendeni taratibu, maana hapa swahiba amepaka rangi sana.

Nikafungua konsoli mara nyingine. Open Completed, yaani imefunguka. Skrini nyeusi, kishale kinapepesa juu kushoto. Sikushtuka. Menyu ya SMS ukiichelewa haijichori upya, inakaa kimya hadi uiguse. Na mimi menyu ile naijua kwa moyo. Namba 2 ndiyo ya kuwasha kutoka kwenye mtandao, na mimi nilikuwa nataka kusakinisha kupitia mtandao. Sihitaji kuiona.

Nikabonyeza 2.

Ikatokea 2, peke yake, kwenye lile giza. Nikaitazama. Ilinipendeza.

Upande wa pili wa hiyo skrini nyeusi, ambao sikuwa nauona, kulikuwa na fomu ya smitty, menyu za usimamizi za AIX (mfumo endeshi wa IBM), ile ya kuweka anwani ya mtandao. Kufungwa kwa konsoli hakumtoi mtu kwenye mfumo. Bosi alikuwa ameingia kama root, mtumiaji mwenye ruhusa zote, na root alikuwa bado amekaa pale pale, fomu wazi, kishale kikiwa kwenye mstari wa anwani. Alitaka kuandika 10.20.30.41. Nilimtupa nje akiwa amefika 10.20.30.4.

Ongezeni 2 yangu hapo mwisho.

Nikabonyeza Enter.

Skrini ikajaa. COMMAND STATUS. Command: running. Nikasema loo, SMS ya siku hizi imekuwa ya kisasa. Ikakaa kidogo, ikageuka: Command: OK. Nikatabasamu, wallahi, nilitabasamu, sijui hata nilifurahia nini. Chini kabisa kulikuwa na maelezo ya vitufe, kimojawapo cha kutoka. Nikakibonyeza. Na pale ambapo partisheni isiyo na hata diski moja yenye mfumo ilipaswa kuwa na menyu, pakatokea:

uhasibu #

Nililisoma hilo neno herufi kwa herufi. Mikono ikatoka kwenye kibodi yenyewe. Kuna ubaridi fulani unaanzia kwenye masikio, walioingia root pasipo pao wanaujua.

Kabla sijapumua, sauti kutoka kwenye korido: "Jamani, barua pepe zimekufa?"

10.20.30.42 ni ya seva ya barua pepe. Mashine ya uhasibu ilipopewa anwani hiyo ilitangaza kwa majirani wote wa mtandao kwamba 42 sasa ni yeye, nao majirani, wasio na kinyongo, wakaanza kuipelekea kila kitu. Barua za kampuni nzima zikawa zinabisha hodi uhasibu, na uhasibu haina habari ya barua.

Hapo ndipo bosi alipotoka chumbani. Yeye alichoona ni hiki: anatupwa nje ya konsoli tena na tena, halafu anarudi anakuta fomu yake imejazwa na kutumwa na mkono usioonekana. Akasimama mlangoni, "Kuna mtu ndani ya mfumo!" Akataka kutuma tahadhari kwa watu wa usalama, haikutoka, kwa sababu mnazozijua. Akawapigia simu. Mmoja wao akakimbilia chumba cha seva na kuchomoa kebo ya mtandao ya HMC. Partisheni hazikutikisika, zinaendelea bila HMC, ila ssh yangu ikafa hapo hapo, na bosi akatangaza kwa ushindi kwamba mshambuliaji amekatwa.

Mshambuliaji alikuwa amesimama nyuma yake anaitikia kwa kichwa. Nyie mngesema nini? Nilishafungua mdomo, nikasema "Mzee, mimi nadhani..." naye akanikatiza, "Vizuri upo. Wewe mtu wa amri, njoo unisomee kumbukumbu za matukio."

Kwa hiyo niliombwa kujisaka. Nilikaa mbele ya HMC na watu watano nyuma ya mabega yangu, nikaandika lssvcevents -t console, na mistari ikashuka: hscroot amefunga konsoli namba 9, hscroot amefunga konsoli namba 9, hscroot amefunga konsoli namba 9. Wote tulikuwa tunatumia akaunti hiyo moja, kwa hiyo nusu ya mistari ilikuwa yake, nusu yangu, zikipishana vizuri mno. Bosi akasema, "Hii anwani ya pili ni ya nani?" Nikaisoma kwa sauti. Nikaisoma tena polepole, nikitumaini itabadilika. Swahiba, aliyekuwa mmoja wa hao watano, akainama, akageuza laptopu yangu, akasoma kibandiko cha chini.

Hakucheka hapo. Alisubiri afike mlangoni.

Yaliyofuata hayana utamu. Bosi aliirekebisha anwani, barua zikarudi kwa fujo, tahadhari yake ya udukuzi ikiwa kati ya za kwanza kuwafikia wafanyakazi wote. Partisheni yangu ilikutwa kwenye namba 4, imewaka, imesimama kwenye SMS, haijaguswa na mtu. Kila mtu amefunguliwa akaunti yake ya HMC. Wenzangu wana ruhusa za kutengeneza na kuwasha. Yangu imepewa daraja la hmcviewer, la kutazama tu, na bosi mwenyewe ndiye aliyeichapa hiyo amri, kidole kimoja kimoja, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake. lssyscfg naruhusiwa, hata usiku kucha, na sasa naiandika na lpar_id, namba ya partisheni, ndani. mkvterm nimejaribu leo asubuhi, kwa jina safari hii. Imekataa kwa adabu.