Maoni Yangu ya Vitabu Yalivyopanda Ukutani

Kwa kuwa rafiki yangu Swaiba ameshawasimulia toleo lake la kikao cha jana cha chama chetu cha wasomaji, ambamo mimi nimelia, nimepiga magoti na nimetolewa ukumbini kwa kushikwa mkono, naona ni haki yangu kuandika yaliyotokea jana kabla toleo hilo halijatoka upya likiwa na nyongeza. Sikulia. Magoti nilipiga, lakini nilikuwa natafuta waya chini ya meza, na huko tutafika.

Mnaokijua chama chetu cha wasomaji mnajua utaratibu: mmoja wetu hutoa maoni juu ya vitabu alivyosoma karibuni, riwaya na visivyo riwaya, kisha Mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye sote humwita Mwalimu tu, hufunga kwa nasaha. Jana zamu ilikuwa yangu, na kwenye kompyuta yangu kulikuwa na mafaili mawili. La kwanza lilikuwa na maoni rasmi, yaliyonyooshwa na kupigwa pasi. La pili ni daftari langu la kusomea, ambamo huandika ninachokifikiri hasa, usiku wa manane, nikiwa nimelala chali na kitabu kimenikalia kifuani. Swaiba, aliyejitolea kuendesha mitambo kwa sababu eti mimi na vifaa hatupikiki chungu kimoja, ndiye aliyechagua faili la kuonyesha ukutani. Sentensi hiyo naomba muisome mara mbili kabla ya kuendelea.

Nilisimama nikiwapa wanachama uso na ukuta mgongo, nikaanza na Nagona, riwaya fupi ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1990. Nilisema kwamba mtunzi huyo, ambaye katika Rosa Mistika ya mwaka 1971 alikuwa bado anatusimulia kisa chenye mwanzo na mwisho unaoshikika, hapa ameuvunja ukuta uliotenga riwaya na falsafa. Kwamba asiyeuona msuko wa Nagona anautafuta kwa macho ya zamani. Na kwamba mimi binafsi, baada ya kuizoea lugha yake, nilijikuta nikitembea ndani ya kitabu hicho bila kupotea. Nilisema "bila kupotea" kwa sauti nzito, huku nimefumba macho.

Nilipoyafumbua, ukumbi ulikuwa umetulia kwa namna iliyonipendeza sana. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyechezea simu. Nilidhani nimewagusa. Kitu kimoja tu kilinitatiza: hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Macho yote yalikuwa juu kidogo ya kichwa changu, nayo yalikuwa yakitembea. Yanatoka kushoto, yanakwenda kulia, yanashuka kidogo, yanaanza tena kushoto. Mimi ni msomaji wa siku nyingi, na macho ya mtu anayesoma nayajua hata gizani. Nikageuka, taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna nyuki mgongoni mwake.

Ukutani, kwa herufi kubwa kuliko za bango la uchaguzi, palikuwa na maneno haya: "Nagona. Sijaelewa. Nimerudia mwanzo. Bado sijaelewa, ila safari hii sijaelewa kwa undani zaidi. Niseme nini kikaoni? Niseme falsafa."

Ndugu zangu, mlio nyuma huko msianze kucheka, hatujafika.

Nilimpa Swaiba ishara ya kufunga. Swaiba akakielewa kidole changu kuwa kinasema "shuka chini," akazungusha gurudumu la kipanya, na daftari likaanza kupanda ukutani kwa mwendo wa maandamano ya harusi. Ikaja Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambayo kikao kilichopita niliishutumu kwa ukali kwamba mikasa ya kijana Kongowea Mswahili, anayehangaika kumtafuta baba yake, inategemea mno bahati na sadfa. Daftari lilisema: "Nimelia. Nimelia tena. Kesho niwaambie sadfa zimezidi." Dada mmoja wa mstari wa mbele alinitazama kwa huruma ambayo sitaki kuiona tena maishani.

Ikafuata Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyoletwa kwetu na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel. Hapo daftari lilinitendea haki kwa muda, kwa sababu niliandika kwa dhati kwamba kumsoma Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, katika lugha inayotamkwa humo ndani ya hadithi, ni kama kumsikia mtu akirudi kwao. Kwa bahati mbaya aya haikuishia hapo: "Khalil anamwambia Yusuf kila mara kwamba tajiri Aziz si ami yake. Mimi nimeelewa, Yusuf bado. Katibu wetu naye hajaelewa, maana jana alimsifu Aziz kwa kupenda watoto wa ndugu zake. Kitabu amekifungua huyu?"

Katibu alifunga kitabu cha kumbukumbu za kikao. Polepole.

Sasa ndipo nilipopiga magoti. Niliingia chini ya meza kutafuta waya wa projekta, nikaukuta, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, na taa za ukumbi zikazimika. Projekta haikuzimika. Katika giza lile maandishi yaling'aa vizuri zaidi, hata waliosahau miwani nyumbani wakashukuru. Kutoka chini ya meza nilimsikia Mwalimu akisema, kwa ile sauti yake ya upole iliyowahi kunyamazisha madarasa mazima: "Mwanangu, hebu rudisha juu kidogo, mimi husoma taratibu."

"Shikamoo, Mwalimu," nilijibu kutoka mafichoni, jambo ambalo Swaiba amelitia chumvi lakini ni kweli. Salamu tulikwisha kupeana mlangoni. Ulimi ulikuwa unatafuta pa kujificha.

Swaiba, mtoto mwenye heshima kwa wakubwa, akarudisha juu. Hapo ukutani palikuwa na Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi, kumbukumbu za safari yake ya ujana kutoka Zanzibar akiwa na ndoto ya kufika Ulaya, kitabu ambacho Mwalimu mwenyewe aliniazima akiniambia amekisoma chote na kukirudia. Mstari wa kwanza ukasema: "Kitamu. Mwandishi hajikwezi, anasimulia njaa na hofu bila kuomba aonewe huruma." Mwalimu akatikisa kichwa kuafiki. Mstari wa pili: "Nakala ya Mwalimu ina mistari ya kalamu ya risasi katika kila ukurasa mpaka sura ya pili." Mwalimu akaendelea kutikisa kichwa. Mstari wa tatu: "Kuanzia sura ya tatu kurasa zilikuwa zimegandana. Nimezibandua mimi, kwa kisu."

Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashitakiwa mbele ya mfalme na anapewa siku sita za kujitetea, akisimulia habari za wajumbe sita mmoja baada ya mwingine. Kila nilipokisoma kitabu hicho nililalamika kwamba siku sita ni nyingi mno na utetezi unarefushwa kuliko subira ya msomaji. Nilalamike nini tena? Mimi nilipewa muda wa Mwalimu kuvua miwani, kuipangusa na kuivaa upya, nikautumia wote kusema, "Mwalimu, huenda ilikuwa unyevu."

Yaliyofuata hayana uzito. Taa zikawashwa, Mwalimu akacheka kuliko watu wote na kuomba kitabu chake akamalizie safari, Katibu hakucheka, na mimi nikapangiwa zamu ya kikao kijacho bila kura kupigwa, kwa sharti kwamba nisome moja kwa moja kutoka kwenye daftari. Aliyepiga picha ya ukuta naomba aifute. Najua ni nani, na najua kwamba simu yake haina nafasi.

Nimsahihishe Swaiba jambo moja tu, kwa sababu analieneza kwa makusudi. Sikuandika popote kwamba Wasifu wa Siti binti Saad ni kitabu kibaya. Niliandika kwamba Shaaban Robert, katika kitabu hicho cha mwaka 1958, ana hamu kubwa ya kutunasihi kiasi kwamba mara kadhaa nilitamani anyamaze kidogo Siti aimbe, maana mwanamke ambaye sauti yake ilikwenda kurekodiwa mpaka Bombay mwaka 1928 hahitaji mtu wa kutueleza kila baada ya kurasa chache kwamba alikuwa mfano mwema. Hilo liko kwenye faili rasmi na liko kwenye daftari, neno kwa neno, na Katibu akitaka tubishane nalo, aje akiwa amekisoma.