Mdaiwa Sugu

Mwenzangu mwenye duka mtaa wa pili alilipa kodi 250,000 kwa mwaka kwa sababu hesabu zake zote ziko kichwani. Duka langu na lake ni saizi moja, mauzo yanacheza kati ya milioni 7 na milioni 11. Akaniambia kwa uchungu kwamba mwenye kumbukumbu halipi hizo. Analipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.

Kumbukumbu? Mbona ninazo! Kauntabuku nene, Mama Neema anaiandika kila jioni kabla hatujafunga. Mimi sijawahi kuifungua. Mume anayekagua hesabu za mkewe anatafuta kulala njaa.

Basi Machi 2021, shati la harusi mwilini, kauntabuku kwapani, nikatinga ofisi ya kodi. Afisa alikuwa binti mwenye miwani. Akafungua, akaanza kubonyeza kikokotoo. "Baba, hongera. Tarehe ipo, bidhaa ipo, bei ipo." Nikajikohoza kidogo ili foleni nyuma yangu isikie vizuri.

Kufika katikati ya daftari kikokotoo kikanyamaza. Binti akawa anasoma tu. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Samahani baba. Huyu Baba N. ni nani? Mwaka mzima anakopa, hajalipa hata shilingi."

"Ni mteja tu. Wa siku nyingi."

Akanigeuzia daftari. Mwandiko wa mke wangu, kalamu nyekundu:

*Baba N. soda 4. Kasema za wageni. Wageni sijawaona.*

*Baba N. soda 6. Wageni walewale.*

*Baba N. sigara 2. Si aliacha tangu 2018?*

*Baba N. soda 5, biskuti 3. Mungu anamwona.*

Ukweli ni kwamba nacheza drafti kijiweni, na anayefungwa ananunua soda. Nyumbani wanajua mimi ndiye bingwa.

"Sasa baba," binti akasema, anajikaza asicheke, "jumla ya Baba N. ni 296,000. Hii niihesabu mauzo, au niandike imekwenda wapi?"

Nikainua macho. Mlangoni amesimama mlinzi wa ofisi, ambaye nusu ya zile soda ziko tumboni mwake. Alikuwa ananitazama kwa huruma ya mtu aliyekufunga mara kumi na tisa.

"Weka mauzo," nikasema upesi. "Yote. Alilipa taslimu."

Akajumlisha: 7,904,000 na hizo zangu, milioni 8.2 kamili. Kodi 126,000, awamu nne za 31,500. Nikapiga hesabu kimoyomoyo: 8,880 ni kodi ya soda nilizofungwa. Bado nilikuwa nimemzidi ujanja yule wa mtaa wa pili, lakini furaha ilikuwa na gesi ndani yake.

Natoka, mlinzi akaninong'oneza: "Baba N., jioni upo?"

Nyumbani Mama Neema akapokea daftari, akauliza wamesemaje. Nikamwambia wameisifu sana, hasa mwandiko. Akatabasamu, akachukua kalamu nyekundu, akaandika huku nikimwona:

*Baba N. nauli ya kodi 5,000. Chenji hajarudisha.*