Programu Zinazohesabu Saa za Kazi Zinamlinda Nani?

Mfanyakazi wa Nairobi au Mwanza anayelipwa kwa saa kupitia Upwork, jukwaa la mtandaoni linalowakutanisha wateja na wafanyakazi wa mbali, huwasha programu maalumu kwenye kompyuta yake kabla ya kuanza kazi. Programu hiyo inaigawa kila saa katika vipande vya dakika kumi kumi, na ndani ya kila kipande inapiga picha moja ya skrini wakati asioutarajia. Inahesabu pia amebonyeza kibodi na kipanya mara ngapi, ingawa hairekodi herufi alizoandika. Mteja, ambaye pengine yuko Chicago, anaweza kuyaona yote hayo.

Wanaopinga utaratibu huu wanauita upelelezi, na wana hoja. Ila wengi wao wanauruka upande wa pili haraka mno, na upande huo ni mzito.

Upwork ilitokana na muungano wa kampuni mbili, Elance na oDesk. Waanzilishi wa oDesk walikuwa Wagiriki wawili, Odysseas Tsatalos na Stratis Karamanlakis. Mmoja alikuwa Marekani, mwenzake Ugiriki, na walitaka kufanya kazi pamoja licha ya umbali huo. Shida waliyokutana nayo ndiyo ya kila kazi ya mbali: anayelipa haoni kazi ikifanyika, na anayeifanya hana hakika ya kulipwa.

Nusu hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika. Saa zilizorekodiwa na programu zina dhamana ya malipo. Mteja akizikana, mfanyakazi bado ana njia ya kupata haki yake, mradi ametimiza masharti. Saa alizojijazia mwenyewe hazina dhamana hiyo. Mtu aliyeko Kisumu hawezi kumfuata mteja mahakamani Marekani kwa ajili ya dola themanini. Picha ya skrini ndiyo shahidi wake, na mara nyingi hana mwingine. Njia mbadala ni kupatana bei ya kazi nzima, na wanaoijua wanajua inavyochosha: mteja anaomba marekebisho, kisha marekebisho ya yale marekebisho, na muda wote unaoongezeka haulipwi. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na anayesema programu hizi zifutwe zote.

Wala si waajiri peke yao wanaotaka saa zihesabiwe. Nchini Hispania, chama cha wafanyakazi cha CCOO kiliishtaki Deutsche Bank kikitaka benki hiyo iweke rekodi ya saa za kila siku za wafanyakazi wake. Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na tarehe 14 Mei 2019 mahakama iliamua kwamba nchi wanachama lazima ziwatake waajiri wawe na mfumo wa kuaminika wa kupima muda wa kazi wa kila siku wa kila mfanyakazi. Sababu yake iko wazi: pasipo rekodi, ni vigumu mno kwa mfanyakazi kuthibitisha saa za ziada alizofanyishwa.

Lakini kuhesabu saa ni jambo moja na kuhesabu miondoko ya vidole ni jambo jingine kabisa, na programu nyingi huuza yote mawili kwa pamoja. Hapa ndipo ninapotofautiana na watetezi wake.

Mchukue mfasiri. Amekutana na istilahi ya sheria ya ardhi ambayo hataki kuibahatisha. Anapekua kamusi ya karatasi, anampigia simu mwanasheria anayemfahamu, anarudi kuandika sentensi moja. Muda umekwenda na kibodi haijaguswa. Kazi ngumu kuliko zote alizofanya siku hiyo inasomeka kama uzembe, na kwa kuwa dhamana ya malipo inategemea pia kiwango cha kubonyeza, uangalifu wake unaweza kumgharimu fedha. Mwenzake aliyebandika tafsiri ya mashine na kugusagusa koma hapa na pale anaonekana mchapakazi.

Mamlaka ya Ufaransa ya kulinda data, CNIL, iligusa hoja hiyohiyo mwezi Desemba 2024 ilipoitoza kampuni moja ya mali isiyohamishika faini ya euro 40,000. Programu ya kampuni hiyo ilihesabu kuwa mfanyakazi hafanyi kazi pale kibodi na kipanya vilipotulia kwa dakika kati ya tatu na kumi na tano, na muda huo ungeweza kukatwa kwenye mshahara. CNIL ilieleza kwamba dakika hizo zingeweza kuwa za mkutano au za simu, yaani kazi halisi. Kipimo hakikupima kilichodaiwa kupimwa.

Tena kipimo cha namna hii hufundisha udanganyifu. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya kumi na wawili kwa madai ya kuigiza shughuli za kibodi ili waonekane wako kazini. Siwatetei. Ila mwajiri anayelipa miondoko ya vidole atauziwa miondoko hiyo, na vifaa vya kutikisa kipanya vinapatikana madukani kwa bei ndogo.

Kuhusu faragha, sharti liwe kali zaidi kwetu, kwa sababu mara nyingi kompyuta ni mali ya mfanyakazi mwenyewe, na huenda nyumba nzima inaitumia. Picha moja inaweza kunasa ujumbe wa WhatsApp wa mama yake, majibu ya hospitali, au kazi ya siri ya mteja mwingine. Upwork inamruhusu mfanyakazi kuifuta picha, naye akapoteza malipo ya dakika zile kumi. Naona hilo ni la haki. Zipo programu nyingine ambazo mwajiri anaweza kuzisakinisha zifanye kazi kimyakimya, bila mtumiaji kuona kilichochukuliwa wala kuweza kukifuta. Hizo sioni namna ya kuzitetea.

Sheria tunazo: Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Ile ya Kenya inamgusa hata mchakataji aliye nje ya nchi, mradi data ni za watu walioko Kenya. Ugumu uko kwenye ridhaa. Mtu anayeambiwa akubali masharti au aikose kazi hajaridhia kwa uhuru, na mteja wa mbali ana waombaji wengine wengi wanaongoja.

Ndiyo maana nadhani shinikizo lielekezwe kwenye majukwaa yenyewe, kwani ndiyo yanayoweka masharti ya malipo. Serikali ya Kenya inawahimiza vijana wafanye kazi za mtandaoni kupitia mpango wake wa Ajira Digital, kwa hiyo ina sababu ya kukaa mezani na majukwaa hayo kwa niaba yao. Madai ni machache: saa ziendelee kurekodiwa, mfanyakazi aione kila picha kabla ya mteja na awe na uwezo wa kuifuta, na hesabu ya mibonyezo iondolewe katika masharti ya dhamana.