Sifa ya grafini si wembamba wake tu

Grafini ikitajwa, wimbo ni uleule: tabaka moja la atomu za kaboni, jembamba kupindukia, gumu kuliko chuma. Ni kweli yote. Lakini kwangu mimi kazi yake bora ni ile isiyopigiwa debe sana, ya kuisaidia miale ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kusoma protini.

Protini haitulii. Viungo vinavyoshika atomu zake hutikisika muda wote, kila kimoja kwa kasi yake, na ukiimulika kwa infraredi humeza mawimbi yanayolingana na kasi hizo. Hata namna ilivyojikunja hujulikana: iliyojisokota huacha alama karibu na mawimbi 1,655 kwa sentimita moja, iliyojipanga bapa huiteremsha hadi karibu na 1,630. Tofauti ni ndogo, ila ni bapa hivyohivyo protini iitwayo amiloidi beta inavyojipanga na kugandana katika ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Na huhitaji kuitia protini rangi yoyote.

Kikwazo ni ukubwa. Wimbi lina urefu wa maikromita 6 hivi, protini ni nanomita chache, na nanomita ni sehemu ya elfu ya maikromita. Ni kuvua dagaa kwa jarife.

Mwaka 2015 watafiti wa EPFL, chuo kikuu cha teknolojia cha Lausanne, Uswisi, na wenzao wa ICFO, taasisi ya sayansi ya mwanga karibu na Barcelona, Hispania, waliichonga grafini ikawa mikanda ya upana wa makumi ya nanomita. Mwanga ukiipiga, elektroni huyumba kwa pamoja na nishati hujibana palepale juu ya mkanda: asilimia 90 ndani ya nanomita 15, wakati kwenye antena za dhahabu, zinazotumika kwa kazi hiyohiyo, husambaa hadi 500. Halafu kuna umeme. Antena ya dhahabu ukishaichonga, masafa yake ni hayohayo. Grafini unaibadilishia volteji tu, na kipande kilekile kinahama kutoka alama moja ya protini hadi nyingine. Hapo ndipo iliponiteka kabisa.

Hata hivyo, ahadi za haraka za kupima magonjwa kwa tone la damu zinaniudhi. Maji nayo humeza infraredi karibu na 1,640, katikati kabisa ya alama tunazozitafuta, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Fedha za utafiti zielekezwe huko kwanza: protini ipimwe ikiwa majini, kwa kiasi kidogo kama kilichomo mwilini, na majibu yawe yaleyale kipimo kikirudiwa kwenye kipande kingine cha grafini.