Mkaja wa Baba Mkwe

Mjomba aliteuliwa kuwa mshenga kwa sababu alikuwa mhasibu serikalini mpaka alipostaafu, na ukoo wetu wa Kondoa huamini kwamba mtu aliyeshika fedha za umma bila kufungwa anaweza kushika fedha yoyote. Mimi nilikuwa mbeba mkoba tu. Tulitumwa Pangani kukamilisha posa ya kaka yangu, na wakwe walikuwa wametutajia mapema vilivyotakiwa, yaani kifungua mlango, mahari, kilemba na mkaja.

Mahari hayakumsumbua Mjomba, kwa kuwa alijua kwamba katika Uislamu ni haki ya bibi harusi mwenyewe, ingawa ndani ya basi hakuacha kunikumbusha kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu tu mahari hayakutolewa. Kilichomkera ni kilemba. Kilemba alichokijua yeye ni kile cha Kariakoo, ambacho mpangaji wa zamani hupewa ili akuachie fremu ya duka, na njia nzima aliniuliza ni mpangaji gani tunayemhamisha kwa binti wa watu. Nilimweleza kwamba huku pwani kilemba ni heshima ya baba wa binti, na mkaja ni wa mama, kwa kuwa mkaja ndio ule ukanda wa nguo anaofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Aliitikia “naam, naam” huku akiandika kwenye daftari lake, nami nikaridhika.

Sikupaswa kuridhika mapema vile. Kwa Mjomba kila fedha ina kifungu chake, na ole wako uite masurufu posho mbele yake, kwani atakusomesha mpaka chai ipoe kwamba posho ukishaipokea ni yako, ilhali masurufu utayarejesha kwa stakabadhi au yatakatwa kwenye mshahara. Juu ya kila bahasha, basi, aliandika kifungu, kiasi na tarehe kwa mwandiko mzuri wa kiofisi. Jina la mpokeaji hakuliandika.

Tulipokaribishwa mkekani, kifungua mlango kilipokewa vizuri, na mahari yakahesabiwa na kukubaliwa. Kisha Mjomba alivaa miwani, akawatazama wenyeji, na nadhani hapo ndipo hesabu zake zilipomponza. Baba wa binti alikuwa na kofia ya viua, haina hata mzunguko mmoja wa kitambaa, wakati mama mtu, aliyechungulia mlangoni, alikuwa amejizungushia mtandio mkubwa kichwani. Kwa mantiki ya kihasibu, kilemba kilikwisha kumpata mwenyewe. Nilimvuta kanzu lakini alinipiga kofi la mkono bila kunitazama, akainuka na bahasha nyingine.

“Mzee wetu,” alisema kwa sauti ya kikao, “kwa niaba ya ukoo, tunakukabidhi mkaja wako. Tunatambua taabu uliyoipata.”

Wazee walitazama chini wote kwa pamoja. Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya bibi kizee mmoja: “Ehee! Kajifungua lini huyu na sisi hatukuitwa? Na arobaini yake inatoka lini, tuje tumwogeshe?”

Vigelegele vilipigwa huko ndani kama vya mtoto wa kiume. Baba mkwe, ambaye naona Mungu alimjalia uungwana wa kuwatosha watu kumi, aliiweka ile bahasha juu ya tumbo, akaibonyeza kidogo na kusema kwa upole, “Alhamdulillahi, nimejifungua salama.”

Mambo yangeishia kwenye kicheko, lakini Mjomba alitoa kitabu cha stakabadhi na kumwomba mzee atie sahihi kwamba yeye, baba wa binti, amepokea mkaja taslimu. Hapo bibi kizee alitoka mwenyewe nyuma ya pazia, akatupiga faini ya shilingi 50,000 kwa kumzalisha mwanawe bila mkunga. Bahasha zilibadilishwa, sahihi zikatiwa upya, na faini ikalipwa kwa fedha iliyobaki mkobani, ambayo ndiyo iliyokuwa nauli yetu ya kurudi.

Nauli nililipa mimi. Ndani ya basi nilimwona Mjomba akikuna kichwa juu ya daftari, maana wanaukoo wangetaka hesabu na faini haikuwa na kifungu, mpaka mwishowe akaandika 50,000 na mbele yake, kwa mwandiko uleule mzuri: posho ya kikao, wenyeji.