Unataka udiwani Mwanza? Anza na taka

Kila uchaguzi ukikaribia hapa mjini kuna watu wanaanza kusalimia sana. Mtu miaka yote mnapishana nae kwenye hiace hata kichwa hatikisi, ghafla anakuita kaka, msiba wowote yupo viti vya mbele na rambirambi yake lazima isomwe kwa maiki, afu ukiuliza unaambiwa huyo anataka udiwani. Sawa, autake, ni haki yake, sheria inataka awe Mtanzania wa miaka 21 na kuendelea anayejua kusoma na kuandika na ambaye chama chake kimemteua. Ila mi huwa nasubiri afungue mdomo. Na akifungua tu ni yale yale, lami, maji, umeme.

Ndugu yangu, lami sio yako. Tangu 2017 barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Maji ya mjini ni MWAUWASA, umeme ni TANESCO, na hakuna hata mmoja kati ya hao anayepokea amri ya diwani. Unaweza kumbana meneja wao kwenye kikao, ukaandika barua, ukapiga kelele mpaka sauti ikauke, na kelele zinasaidia sikatai, ila kusimama Mabatini kwenye jukwaa ukasema "mkinichagua barabara hii naweka lami" ni kudanganya watu wazima mchana kweupe. Hata kodi ya majengo ambayo zamani ilikuwa hela ya halmashauri, sa hivi si inakatwa kwenye LUKU? Kuna mmoja nilimsikia anagombea upande wa jiji anaahidi kuboresha soko la Mwaloni, yaani Mwaloni Kirumba kwenye dagaa kule, watu wanapiga makofi kabisa, wakati Kirumba iko Manispaa ya Ilemela na Ilemela ina halmashauri yake na meya wake tangu 2012. Angeenda kuitengeneza kama nani?

Tatizo na sisi wapiga kura tunataka tudanganywe. Anayesema ukweli kwamba "hili halipo mikononi mwangu" tunamuona hana nguvu, hana koneksheni, tunampa yule mwenye mdomo, afu miaka mitano tunakaa tunalaumu.

Sasa cha diwani ni kipi? Vipo vingi tu na vingine vinanuka. Chukua taka. Wote tunajua mji wetu umekaa kwenye mawe, Igogo, Mabatini, Isamilo huko juu watu wamejenga mwamba juu ya mwamba, gari la taka halipandi, linaishia barabarani chini na kupiga honi. Mama wa watu ana kiroba cha taka, ana mtoto mgongoni, ashuke ngazi zote zile kuwahi gari ambalo siku linakuja hajui? Hawahi. Taka zinasubiri mvua. Mvua ikinyesha zinashuka na korongo mpaka mto Mirongo, Mirongo unapita katikati ya mji unaingia ziwani, na ziwani ndo tunavua na ndo maji yanakovutwa tunywe. Hii ishu nzima ni ya halmashauri. Nani apewe kazi ya kuzoa, kila nyumba ichangie shilingi ngapi, wenye mikokoteni wafike wapi, vijana wa juu huko walipwe kuteremsha au wasilipwe, vyote vinapita kwenye vikao anavyokaa diwani. Ila sijawahi kuona mgombea anasimama anaongelea mkokoteni. Haina mvuto, najua, huwezi kuiwekea wimbo kwenye gari la matangazo.

Viwanja je? Watu huku walichangishwa hela za urasimishaji makazi, wapimaji wakaja na mashine zao, mawe ya mipaka yakapandwa, afu hati mpaka leo ni stori kwa wengine. Mipango miji ni kazi ya halmashauri, diwani anayejua kazi yake angeingia kikaoni na orodha ya mtaa mzima mkononi anauliza hela za hawa watu ziko wapi. Ushuru wa soko na sheria ndogo nazo ndo hivyo hivyo, mama wa nyanya anaamka anakuta kiwango kimepanda, ukimuuliza diwani anashangaa na yeye, wakati kilipitishwa mbele yake kwenye baraza na mkono alinyoosha.

Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 baada ya maneno mengi ya vikundi hewa, ikarudi 2024. Maombi yanaanzia huku huku kwenye kata. Diwani ndo mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, mtendaji ndo katibu, wenyeviti wa mitaa wajumbe, sasa kikundi hewa kikipita watuambie kimepitaje wakati hawa wote wanajuana mpaka majina ya utani?

Meya tusimsahau. Wewe na mimi hatumpigii kura, madiwani ndo wanamchagua kati yao wenyewe. Na kwa wengine udiwani ni ngazi tu, Stanslaus Mabula alikuwa meya wa jiji kabla hajawa mbunge wa Nyamagana 2015. Sio dhambi. Ila mi ningependa mgombea wa kata aseme mapema meya atamchagua kwa vigezo gani, maana hiyo ni kura yangu ameibeba yeye.

Kinachonikera zaidi ya vyote ni mlango wa kuingilia. Bila chama hugombei, na ndani ya chama kuna kura za maoni, na kwenye kura za maoni, kama walivyosema walioangushwa 2020, wajumbe sio watu. Takrima, yaani zile zawadi za wagombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu iliifuta tangu 2006 ila bahasha hazikusikia hukumu. Hapo mwalimu mstaafu anayeijua kata nyumba kwa nyumba anaondolewa na mtu aliyehamia juzi mwenye hela ya sukari na khanga. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko hapo hapo Arusha, ilishasema 2013 kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba kuzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mpaka leo bado. Kama wakubwa wanaogopa mgombea binafsi wa urais, waanze basi na kata, huko chini watu tunafahamiana, mgombea akiwa tapeli tutamjua kabla ya yeye mwenyewe.

Kuna dogo mmoja mtaani kwetu, fundi simu, amenifata anasema uchaguzi ujao anataka kujaribu, anaomba ushauri. Nikamwambia acha kuchapisha fulana. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi, mtu yeyote anaingia anakaa anasikiliza, nenda kaone wanavyopitisha makabrasha marefu kama mkate, nenda hasa kipindi cha bajeti kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai, afu uje unieleze kwenye kata yetu imeandikwa nini. Akaniuliza kwani kule wanatoa posho kwa wasikilizaji? Nikamwambia hapana, akasema atafikiria.